Binti yangu wasiwasi wa mtihani unamla, nisaidieni

Mama wa Langoni
Asalaam aleikum, naandika kutoka Lamu. Nina binti wa miaka 17, yuko kidato cha nne, mtihani wa kitaifa wa KCSE uko mlangoni. Tangu mitihani ya majaribio, hapati usingizi. Usiku namsikia anapanda na kushuka ngazi. Kucha amezitafuna mpaka zinatoka damu. Asubuhi ya mtihani hutapika, mikono inamlowa jasho, asema moyo unamwenda mbio na herufi zinamchezea machoni. Baba yake asema apunguze simu na azidishe sala. Mimi naona mtoto anateseka. Kumpeleka Mombasa kila wiki siwezi. Je, kuna vitu vya hapa hapa nyumbani vitakavyompa nafuu?

Msuka Mikeka, Matondoni
Waaleikum salaam dada, pole sana. Mpe ukili asuke, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka. Babangu alipotangulia mbele ya haki nilikuwa na umri kama wa huyo binti, na sikuweza kukaa wala kulala. Bibi hakuniambia neno. Aliloweka chane za miyaa, vile vipande vyembamba vya majani ya mkoma, zikalainika, akanianzishia ukili, akaniwekea mapajani. Chane moja ikipita juu pasipotakiwa, ukili unapinda na jicho linaona mara moja, basi huna budi kurudi ufumue. Vidole vikiwa na kazi hiyo, mawazo hayana pa kukimbilia. Na kucha hazifiki mdomoni. Aanze na ukili mwembamba, asifikirie kumaliza mkeka.

Muuguzi Mstaafu
Bi mkubwa wa Matondoni kasema kweli. Naongeza la mwili. Moyo ukianza kwenda mbio, aloweshe kitambaa kwa maji ya barafu, akiweke usoni, juu ya macho na mashavu, kwa nusu dakika hivi. Baridi ya usoni hupunguza mwendo wa moyo. (Mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza.) Kisha avute pumzi akihesabu hadi 4, aitoe polepole hadi 6. Kutoa pumzi kwa muda mrefu ndiko kunakotuliza, na hili aweza kulifanya ndani ya chumba cha mtihani bila mtu kujua. Ajizoeze akiwa ametulia, asingoje siku yenyewe.

Mama, anakunywa nini usiku?

Sala itamfaa, lakini asiambiwe kwamba anaumwa kwa sababu imani yake ni haba. Na akianza kukataa chakula siku nzima, au kusema hataki kuishi, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, mchana na usiku.

Kijana wa Shela
Mamangu, mimi nilipita huko. Kilichonisaidia ni daftari la kawaida. Kabla ya kulala niliandika kila linalonitisha, hata la kipuuzi, nikalifunga nikaliacha chumba kingine pamoja na simu. Na dadangu alikuwa akifunga asumini kwenye leso, anainusa akiingia darasani. Harufu ya nyumbani, basi.

Mama wa Langoni
Muuguzi, swali lako limenichoma. Anakunywa kahawa tungu, na mimi ndiye nimpikiaye, saa nne usiku, nikidhani namsaidia kusoma.

Muuguzi Mstaafu
Usijilaumu, wazazi wengi hufanya hivyo. Hata muda wa saa tano ukipita baada ya kuinywa, karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Mwisho iwe adhuhuri. Usiku mpe maziwa ya moto na hiliki.

Mama wa Langoni
Jana sikupika. Kitambaa alikijaribu alfajiri, akakaa nacho usoni, kisha akaniomba chai na mahamri. Alikula mawili. Ukili ameukubali, asema bibi yake marehemu alikuwa akisuka. Dada wa Matondoni, mjini miyaa nitaipata wapi?

Msuka Mikeka, Matondoni
Usinunue. Ijumaa naja mjini asubuhi, nitakuletea fungu zima lililokwisha kuchanwa. Nikute uwanja wa Mkunguni, na uje na binti, nimwanzishie mwenyewe.