Mji wa Miagao, Ufilipino: kuna aliyewahi kufika? Baharia wao kalengwa na machozi kwa mbaazi zangu

MamaMbaazi ameuliza:

Asalaam aleikum wana jukwaa, na msio Waislamu hamjambo.

Mimi nina kibanda cha mahamri na mbaazi huku Ganjoni, Mombasa, kwenye njia wanayopita mabaharia wakitoka bandarini kwenda mjini. Wiki hii kanijia Mfilipino mmoja, mtu mzima, mpishi wa meli. (Vijana wa tuktuk wanamwita Mchina. Nimewakataza mpaka nimechoka.) Nikamfunulia sufuria aone mwenyewe, mbaazi za nazi, zimetulia, tui zito juu. Akainama akanusa. Akachota kidogo, akatafuna amefumba macho, halafu akasema "kadyos". Akarudia, "kadyos, kadyos", na machozi yakamlenga. Mimi nikafikiri pilipili imemzidia, nikamkimbizia maji.

Kiingereza chake na changu hakifiki mbali. Nilichoshika ni kwamba kwao ni mji wa pwani unaitwa Miagao, akaniandikia nyuma ya risiti nisisahau, na kwamba mamake hupika mbaazi na fenesi. Fenesi, jamani! Kisha akanionyesha picha kwenye simu: jengo kubwa la mawe ya manjano, na juu ukutani kumechongwa mnazi. Mnazi wenyewe, na makuti yake, na mtu kaushikilia huku kabeba mtoto mgongoni. Nikamuuliza, hii ni ngome? Akasema ni kanisa. Mbona kuta nene hivi? Akacheka, akapitisha mkono shingoni kama anayechinja, akaashiria upande wa bahari.

Sasa nisaidieni. Huo mji una habari gani? Kanisa na mnazi wapi na wapi? Nani alikuwa akiwachinja? Na hiyo mbaazi na fenesi ni kweli, au kaniona mjinga nimuongeze hamri? Meli yake inaondoka Alhamisi na nimeshaapa kumpikia kabla hajaenda.

BahariaMstaafu amejibu:

Waleikum salaam dada yangu. Umefika penyewe. Miagao nimelala siku nne.

Nimefanya kazi melini miaka kumi na tisa, chini huko kwenye injini, na sikumbuki meli hata moja ambayo haikuwa na Mfilipino. Wakati mmoja meli yetu iliingia chelezo kule Cebu kutengenezwa. Kampuni, ambayo siitaji, ilikuwa haijatulipa miezi mitatu, na mimi sina hata pesa ya chumba. Mpishi wetu akaniambia, ami, twende kwetu, utakula bure. Tukapanda feri ya usiku mpaka Iloilo, kisha gari lao la abiria, jeepney, kama kilomita arubaini kufuata pwani upande wa magharibi.

Hiyo jeepney ndiyo matatu ya kwao. Ilianzia kwenye majipu ya jeshi la Marekani yaliyoachwa baada ya Vita vya Pili, wakayarefusha, wakayapaka rangi na majina ya watoto wao na ya Bikira Maria. Mnakaa mmeelekeana kwenye mabenchi mawili. Konda hakuna. Aliye nyuma humpa nauli wa mbele yake, naye humpa mwenziwe, mpaka kwa dereva, na chenji ikarudi vivyo hivyo mikono kumi, na sikuona hata sarafu ikapotea. Nilikumbuka matatu za Likoni nikacheka peke yangu.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Tomaso wa Villanueva. Lilimalizika 1797, na UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1993 pamoja na mengine matatu ya Ufilipino. Nilisimama mbele yake saa moja asubuhi, jua linalipiga usoni, likawa na rangi ya embe lililoiva. Minara miwili ubavuni, mmoja mrefu kuliko mwenziwe, kuta zimeegemezwa nguzo nene kama miguu ya tembo. Hapo katikati juu ndipo alipo huyo wako mwenye mtoto. Ni Kristofa, mtakatifu wa wasafiri, anamvusha Yesu mtoto mtoni. Wazungu humchonga na fimbo mkononi. Mafundi wa Miagao wakamvalisha kama mtu wa kwao, wakampa mnazi ashikilie, na pembeni wakachonga mpapai na mpera. Padri alileta mtakatifu, mafundi wakaleta shamba lao! Kwangu mimi huo mnazi unaeleza mji kuliko kitabu.

Kuhusu kuchinjwa. Miagao imeelekea kusini, bahari wazi, na kusini huko ndiko viliko visiwa vya Sulu. Karne ya 18 mpaka katikati ya 19 majahazi ya Wairanun na Wabalangingi, mabaharia Waislamu wa huko kusini, yalikuwa yakipanda kila msimu kuteka watu wa pwani na kwenda kuwauza Jolo, mji wa huko Sulu. Wana pepo mbili kama sisi: ya kaskazini mashariki huiita amihan, ya kusini magharibi huiita habagat. Habagat ndiyo kusi yao, na habagat ikianza kuvuma walijua wageni wa baharini wako njiani. Ndiyo maana kanisa limewekwa mahali pa juu na likajengwa kama boma. Kengele ikilia, watu na watoto wao mbio ndani. Mji jirani, Guimbal, bado una minara ya mawe ya kulindia zamu ufukweni. Mpaka leo Miagao wana sherehe kila Februari, Salakayan, na neno lenyewe maana yake ni uvamizi. Wanaigiza vita na ngoma barabarani.

Sasa mbaazi. Ni kweli dada, hakukudanganya. Mbaazi zao, ndizo hizo kadyos, ni nyeusi nyeusi, mchuzi unatoka wa zambarau. Hupikwa na fenesi bichi, na kwa kawaida hutiwa nguruwe. Mamake yule mpishi alikuwa ameshaambiwa mgeni ni Mwislamu. Akachinjwa nani? Jogoo wa jirani! Nikaitwa mimi mwenyewe nishike kisu nisome bismillahi, kijiji kizima kimesimama kuangalia. Mama akampika na mbaazi na moyo wa mgomba, ule weupe wa ndani, umekatwa vipande vyembamba. Ukali wake unatokana na tunda liitwalo batwan. Huku huna, tia birimbi au ukwaju, utakaribia. Tui hakutia. Na si chai ya asubuhi, huliwa na wali.

Siku ya tatu akanipeleka kwa shangazi yake anayefuma kitambaa, wanakiita hablon. Kitanda cha kufumia kimejaa chumba, miguu inakanyaga huku mkono unarusha nyuzi, kelele zake tak-tak, tak-tak, kutwa. Walikuwa wakifuma patadyong, nguo ya mirabaraba ya kujifunga kiunoni. Nikamwambia shangazi, hiki ni kikoi. Akasema hapana, hii ni patadyong. Tukabishana kwa ishara mpaka chai ikapoa.

Iloilo nzima ilikuwa ikiishi kwa kufuma. Bandari ilipofunguliwa kwa biashara ya nje 1855, mwaka uliofuata akaja naibu balozi Mwingereza, Nicholas Loney, na vitambaa rahisi vya viwanda vya Manchester, na akasukuma kilimo cha miwa kisiwa cha pili, Negros. Vitanda vingi vya kufumia vikanyamaza, watu wakaenda kukata miwa. Miagao ni katika miji michache iliyobaki na mkono wa kazi hiyo.

MtembezaWageni amejibu:

Mimi natembeza watalii Ngome ya Yesu, na ngoja niwaongezee kitu ambacho Wafilipino wakija nawaambia na wanapigwa na butwaa.

Jina la nchi yao limetokana na Filipo, mwana wa mfalme wa Hispania, visiwa vilipewa jina lake 1543 kabla hajatawala. Akaja kuwa Filipo wa Pili. Mwaka 1580 akakamata na taji la Ureno. Kwa hiyo Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu hapa 1593, mfalme wao alikuwa nani? Ni huyohuyo. Mtu mmoja, amekaa Ulaya, kisiwa chetu na visiwa vyao mfukoni, na hakuwahi kukanyaga hata kimoja.

Tena waliojenga kanisa la Miagao ni mapadri wa shirika la Agostino. Hao hao walifungua nyumba yao hapa Mombasa 1597. Huku hawakudumu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, ambaye walikuwa wamemlea wao wenyewe Goa na kumpa jina la Kikristo, aliwageukia, akaiteka Ngome na kuwaua Wareno. Kule Panay, kisiwa ulipo Miagao, walikaa, na mji ukakua ukizunguka kanisa.

Lugha nayo imebaki na makombo. Sisi meza, wao lamesa. Sisi bendera, wao bandera. Na neno letu gereza linatokana na igreja, kanisa kwa Kireno. Ngome yenyewe ilikuwa gereza la serikali toka 1895 hadi 1958, basi utaona babu zetu hawakuona tofauti kubwa.

Mwalimu_Kibokoni amejibu:

Ahsanteni kwa darasa, lakini BahariaMstaafu ametuachia hadithi kichwa chini. Anayesoma atadhani Waislamu wa kusini walikuwa kazi yao ni kuteka watu tu. Uislamu ulifika kule kabla ya Mhispania. Msikiti wa Sheikh Karimul Makhdum, kisiwani Simunul huko Tawi-Tawi, unahesabiwa kuanzia 1380, na nguzo zake za mbao wanazionyesha mpaka leo. Mhispania alipokuja aliwaita "Moro", jina alilotoka nalo kwa maadui zake Waislamu wa Hispania na Afrika Kaskazini, na kila mara aliwachukua watu wa Visaya, visiwa vya kati, hao hao wa Iloilo, kuwa wapiga makasia na askari wa kwenda kuchoma miji ya kusini. Wakichomewa, walirudi kulipiza. Ni vita vya miaka mia tatu.

BahariaMstaafu amejibu:

Mwalimu, nakubali, na ungeona mji wa San Joaquin ungezidi kukasirika. Ni mbele kidogo ya Miagao. Usoni mwa kanisa lao, la 1869, wamechonga vita vya Tetuan, Morocco, askari wa Hispania wanawashinda Waarabu, farasi na bendera. Fikiria mvuvi wa Ufilipino anaingia kusali chini ya vita vya Morocco ambavyo havimhusu ndewe wala sikio.

Lakini usifute na walioibiwa. Mamake yule mpishi alinionyesha mlango wa kanisa akasema bibi zake walikimbilia hapo. Sisi Mombasa tuna Frere Town, mtaa wa watumwa walioachiwa huru, tunajua watu waliotekwa wakauzwa ni watu gani. Bwana wao akiwa wa dini yangu au ya padri, mtumwa hakuulizwa.

Nao wenyewe walinipokea bila neno. Ijumaa mpishi alinitandikia mkeka uani, akawafukuza kuku, akakaa mlangoni kuzuia watoto wasipite mbele yangu.

Mgema_wa_Mtwapa amejibu:

Mmeongea yote hamjagusa la maana. Wana mnazi wa kunywa?

BahariaMstaafu amejibu:

Wanao, huitwa tuba. Mgema wao hupanda alfajiri na jioni kama wewe, tofauti ni kwamba wewe una kibuyu na yeye ana pingili ya mwanzi, na wengine hutia gome la mkoko likawa jekundu kama sharubati. Ikichacha inakuwa siki, wanatilia samaki mbichi wakala. Siki nimeonja. Ile nyingine usiniulize.

Na mabaharia wa kwao walivuka nayo bahari kwenye majahazi ya Hispania mpaka Mexico, na kule Colima bado inauzwa kwa jina hilohilo, tuba.

MamaMbaazi amejibu:

Shukran sana nyote, na Mwalimu na Ami msigombane kwenye uzi wangu.

Mrejesho. Fenesi bichi nilikosa Marikiti, nikapata Kongowea, mwenye nalo akanishangaa, anasema hili bado mama, subiri liive. Utomvu ulininata mikononi mpaka nikajipaka mafuta ya nazi. Nikapika kuku wa kienyeji, mbaazi kavu zetu hizi za rangi ya maziwa, fenesi, birimbi kumi. Tui nilitamani kutia, mkono ukaniwasha, nikajizuia.

Alikuja Jumatano na wenzake wawili. Akaonja, akanyamaza. Nikasema nimeharibu. Akamtazama mwenziwe akasema kitu kwa lugha yao, yule akacheka, kisha akaniambia kwa Kiingereza: "Mbaazi za mama ni nyeusi." Basi, hilo tu. Akala sahani mbili za wali, wenzake wakakombeleza sufuria.

Nikamuuliza kuhusu mfalme mmoja na Ngome, hakuwa akijua. Nikamwelekeza aende akaitazame kabla ya meli kuondoka. Kilichobaki alikiomba akale melini usiku, nikamtilia kwenye bakuli langu la bluu lenye mfuniko, akaapa atalirudisha asubuhi.

Meli imeng'oa nanga jana saa kumi. Kama kuna mwenye jamaa bandarini anayejua inarudi lini, aniambie, bakuli lile ni la seti.