Familia 120 zinalala shuleni Nyando: chakula cha siku 14 tukipigie hesabu vipi?

Nyandoyetu:
Wakuu, kanisa letu na wafanyabiashara kadhaa wa Kisumu wamechanga pesa kulisha familia 120 zilizokimbia mafuriko huku uwanda wa Kano, kama watu 600 hivi. Tumepata ofa ya magunia 40 ya mahindi kwa bei ya chini. Wengine wanataka unga, wengine wanasema tutume M-Pesa tumalize. Canter (lori dogo) inafika hadi langoni mwa shule. Mnashauri nini?

bwana_stoo:
Anza na mtu mmoja. Kipimo cha dharura ni kilokalori 2,100 kwa siku. Unga gramu 450, maharagwe 70, mafuta 30 na chumvi 5 vinakufikisha hapo. Familia ya watu watano kwa siku 14 inahitaji unga kilo 31.5, maharagwe karibu 5, mafuta lita 2.3, chumvi gramu 350. Kila familia toa pakiti 16 za unga za kilo mbili: ukizidisha kwa familia 120 ni pakiti 1,920, yaani beli 160 kamili za pakiti 12 kila moja. Maharagwe kilo 600, mafuta mitungi 14 ya lita 20.

Hiyo ni hesabu ya kununulia. Ya kugawa ni vichwa, si familia. Nyumba ya watu tisa ikipewa mgao wa watano, siku ya nane hawana kitu. Na mwenye wake wawili, kila mke aandikwe kivyake na watoto wake.

Magunia 40 ya mahindi kwenye karatasi yanakaribia kutosha, ila posho mill (mashine za kusaga) nyingi huko huenda zimeingia maji au hazina stima, na inayofanya kazi inataka pesa. Mtu asiye na pesa atalipa kwa mahindi yaleyale. Ukiwaona wanauza nafaka nje ya geti, usiseme wameshiba. Wanatafuta pesa ya kusaga na ya kuni. Wiki hizi mbili nunua unga.

Kuni zenyewe ni tatizo. Maharagwe makavu kwenye kuni mbichi ni kazi ya nusu siku. Nusu ya zile kilo 600 iwe ndengu, zinaiva haraka.

Mizani_na_Gunia:
Hiyo bei ya chini ingenitia wasiwasi. Mahindi ya msimu wa mvua yanapouzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi hayajakauka. Mwisho ni unyevu wa asilimia 13.5. Kama hamna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya glasi, tia punje hadi robo, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta, unyevu umepita asilimia 15, rudisha mzigo. Toa punje katikati ya gunia, si juu, maana juu ndiko muuzaji anakopanga mazuri.

Aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, haionekani wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya aina hiyo. Kwa hiyo hata nafaka iliyoloa mafurikoni isianikwe ikarudishwa kwenye mgao.

jirani_wa_Njoro:
M-Pesa ni nzuri pale soko linapofanya kazi. Kabla ya kuamua, uliza wenye maduka watatu walio karibu: unga ni bei gani leo, stoki inaisha lini, gari la kuleta mwingine linapita? Majibu yakiwa mabaya, pesa zitapandisha bei tu. Mkituma, ongezeni ada ya kutoa, hakikisheni wakala ana floti (pesa za kutosha kuwalipa), na mjue simu nyingi zimezama au laini ni ya mume aliye kwingine.

Siku ya kugawa, bandika mgao kwa Kiswahili na Kijaluo mahali foleni inapoanzia, mtu ajue haki yake kabla hajafika mezani. Gorogoro (kopo la kupimia) isitumike bila kupimwa kwenye mizani kwanza: ya unga na ya maharagwe hazina uzito mmoja, na mkono wa anayejaza hubadilika kufikia mchana. Kata kijiti cha kusawazishia juu ya kopo.

Waliohifadhiwa na jamaa nje ya shule pia wahesabiwe, pamoja na wenyeji wanaowalisha. Huku Rift Valley baada ya ghasia za uchaguzi za 2007/2008 tulijua lori likipita mlango wa jirani mwenye njaa bila kusimama, kesho yake kuna ugomvi.

Nyandoyetu:
Asanteni, mahindi tunaachana nayo. Kuna duka limetupa pia katoni za maziwa ya kopo ya watoto wachanga, bure. Tuyachanganye kwenye mgao?

bwana_stoo:
Hapana. Maji ya kuchanganyia ni machafu, na mama akipunguza kunyonyesha maziwa yake hupungua. Sheria ya 2012 ya vibadala vya maziwa ya mama pia inabana michango ya namna hiyo. Mtoto asiye na mama wa kumnyonyesha mpelekeni kwa muuguzi wa lishe. Wa miezi 6 hadi 59 wapimeni mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 apelekwe zahanati, chini ya 11.5 apelekwe siku hiyohiyo.