"Injili imebadilishwa": tunasema nini hasa?

Mwanzisha mada (Kikwajuni)

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu salamu zenu pia.

Juzi baada ya Magharibi kijana mmoja alikuja barazani kwetu na Biblia mbili. Moja kuukuu, jalada limeliwa na mchwa pembeni, nyengine mpya. Akazifungua zote Marko sura ya 16. Ile kuukuu inakwenda moja kwa moja mpaka aya ya 20. Ile mpya, aya ya 9 mpaka ya 20 zimefungwa kwenye mabano, na chini pana maandishi madogo: baadhi ya nakala za kale hazina maneno haya. Kijana akatutazama mmoja mmoja. "Si hii hapa? Wamebadilisha." Mzee akapiga takbiri, kahawa ikamiminwa, mjadala ukaishia hapo.

Mimi nililala nalo. Ni Muislamu, nimesoma chuoni, na simtetei padri. Lakini mwenye kuchakachua kitabu hatii alama pale alipochakachua. Nakala mbili kongwe za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinakomea aya ya 8, wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 8, humo hamna vilevile. Haya hayakufichuliwa na wahadhiri wetu. Wameyachapisha wao wenyewe, na sisi tukayanunua dukani.

Naona tunatia mambo matatu katika chungu kimoja. Kunakili ni jambo moja, kufasiri ni jengine, na ukweli wa habari yenyewe ni jengine kabisa. Uongo pia unaweza kunakiliwa kwa uaminifu mkubwa.

Kwenye kunakili, kusema kweli, hali yao si mbaya kama tunavyoambiana. Mwaka 1947 zilianza kupatikana hati kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo ni kitabu kizima cha Isaya, kikongwe kwa miaka 1,000 hivi kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa. Kilipolinganishwa, tofauti zilikuwepo, nyingi za maendelezo na maneno madogomadogo, lakini Isaya ni yuleyule.

Mimi nakwama kwengine. Sisi tumefundishwa tukiletewa habari tuulize sanadi: nani kasema, kapokea kwa nani? Injili nne hazitaji majina ya waandishi wake ndani ya matini. Wa kwanza tunayemjua kuzitaja zote nne kwa majina ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana ni Irenaeus, askofu wa Kikristo, mwaka 180 hivi. Hapo katikati nani alikuwa akisimulia? Nikosoeni.

Mkaazi wa Wete

Ustadh, umewapunguzia sana. Fungua 2 Wafalme 8:26, Ahazia anatawala akiwa na miaka 22. Halafu 2 Nyakati 22:2, kwa Kiebrania, ana miaka 42. Baba yake alianza kutawala na miaka 32, akatawala 8, akafa. Hesabu ya darasa la pili hiyo: mtoto kamzidi baba miaka miwili! Mabano yako wapi hapo?

Mkristo wa Mbweni

Kaka wa Wete, Ahazia nimeletewa tangu niko skuli, nishamzoea kama jirani. Jibu ni fupi. Mnakili aliteleza. Tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22 pale pale, na wafasiri wengi wa sasa wanaandika 22 na kueleza chini. Sioni haya kusema kuna makosa ya kalamu.

Ila mnatupima kwa pishi isiyo yetu. Sisi hatusemi Biblia ilishuka neno kwa neno kama mnavyoiamini Qurani. Iliandikwa na watu, nasi tunaamini Roho aliwaongoza. Luka anaanza kwa kusema waziwazi kwamba wengi waliandika kabla yake, na kwamba yeye amefuatilia habari zilizopokewa kwa walioshuhudia.

Na sanadi, ustadh, ipo. Soma 1 Wakorintho 15. Barua hiyo ni ya miaka ya 50, miaka 25 hivi baada ya msalaba. Paulo anasema amewapa kile alichokipokea, kisha anataja waliomwona Yesu baada ya kufufuka: Kefa, yaani Petro, wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai, na Yakobo. Kwenye Wagalatia 1 anasema alikaa na Kefa siku 15, akamwona na Yakobo. Kapokea kwa nani? Kwa watu hao.

Nahodha mstaafu, Mkoani

Nina moja tu. Vijana wetu wakishindwa hukimbilia Injili ya Barnaba, kitabu cha maisha ya Yesu kisichokuwemo katika Biblia. Wajukuu zangu waliniletea, nikaisoma. Mna pahala Yesu anapanda chombo Galilaya, anasafiri mpaka Nazareti, na mabaharia wanatangaza mjini mambo aliyoyafanya. Nimeendesha jahazi miaka mingi. Nazareti iko vilimani, mbali na lile ziwa. Ni kama mtu aniambie tutweke tanga tukatie nanga Dole, ndani ya Unguja mbali na pwani, kwenye mikarafuu! Na hati yake inayojulikana ni ya Kitaliano, ya karne ya 16 hivi. Tukimbana Marko kwa sanadi, Barnaba tumwache apite?

Mkaazi wa Wete

Shikamoo nahodha. Barnaba tumzike.

Lakini mnalizunguka lenyewe. Qurani inataja Injili aliyopewa Isa, amani iwe juu yake. Hizi nne ni habari za maisha yake zilizoandikwa na wengine. Hata mkinithibitishia kila herufi ya Marko ni ya Marko, mmenipa Marko.

Mwalimu wa historia, Mjini

Hoja ya kaka wa Wete ndiyo nzito kuliko zote hapa, na haihitaji mchakachuaji yeyote.

Mimi nataka kuongeza la tafsiri, maana ni la hapa petu. Askofu Steere, mmisionari Mwingereza wa Kianglikana aliyefika Unguja 1864 na kuzikwa ndani ya kanisa la Mkunazini, aliandika katika utangulizi wa kitabu chake cha lugha cha 1870 kwamba Sheikh Abdul Aziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Kazi haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa haja ya Steere. Baadaye padri Dale, wa misheni hiyohiyo, akaifasiri Qurani kwa Kiswahili, 1923. Tafsiri yake haikuwaridhisha masheikh, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa yake kamili 1969. Hakuna aliyesema Qurani imebadilika kwa sababu Dale na Farsy hawakuandika maneno mamoja. Basi Biblia mbili za Kiswahili zikitofautiana, tuanze kwa kuuliza za wafasiri gani.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Mwalimu, hilo la Sheikh Abdul Aziz sikulijua.

Kaka wa Mbweni, ile sura nimeisoma mara tatu. Nakiri habari ni ya mapema kuliko nilivyodhani, na lile neno la kupokea na kupokeza limenigusa, maana ndiyo lugha yetu. Ila ndugu 500 hawana hata jina moja. Kwetu msimulizi asiyejulikana ni majhuli, na sanadi yenye majhuli inadhoofika hata iwe fupi vipi. Kefa na Yakobo ni kweli wanajulikana, lakini tunawasikia kwa ulimi wa Paulo. Wewe Paulo unamwamini, mimi bado.

Kaka wa Wete, hata wanavyuoni wetu hawakusema kauli moja. Ibn Hazm, mwanachuoni wa Andalus (Hispania ya zama za Waislamu), alishikilia kwamba maneno yenyewe yamebadilishwa, wengine wakasema kilichopotoshwa zaidi ni maana. Barazani tumeokota kauli ya Ibn Hazm bila ya kusoma hoja zake.

Ijumaa baada ya Isha kijana atakuja tena na Biblia zake mbili. Kaka wa Mbweni, karibu, kahawa juu yangu. Nimeshamwambia Marko 16 amfunge. Aanze na Wakorintho.