Mjadala: Kiwandani, daftari la zamu liondoke kabisa au libaki?

Mleta mada
Wakuu, naomba tulijadili hili. Kiwandani kwetu imeamuliwa kuwa kuanzia mwezi ujao hakuna karatasi tena. Fomu za bechi (yaani kila mkupuo wa bidhaa), daftari la zamu, kadi za matengenezo, vyote vinahamia kwenye tableti. Mimi niko idara ya ubora na naunga mkono kwa mikono miwili. Mteja akilalamikia bechi moja, leo nashinda stoo napekua maboksi kutafuta malighafi yake ilitoka kwenye shehena gani. Kwenye mfumo ingekuwa dakika tu. Shida yangu ni wazee wa zamu ya usiku: tableti itawashinda, na tukiwasubiri hatutahama milele. Je, tuache karatasi kabisa au twende na vyote viwili?

Opereta wa boila
Nimesoma mpaka "wazee wa zamu ya usiku" nikasimama hapo hapo. Nina miaka 26 kwenye boila. Wajukuu zangu naongea nao kwa video kila Jumapili, na hakuna anayenishikia simu. Kinachonishinda ni kioo kisichosikia glavu. Saa nane usiku glavu imelowa mafuta, natakiwa niivue, nifute mkono, niandike nywila, imekataa, niandike tena, na presha huku inapanda. Daftari nalifungua kwa kiwiko. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni ya geji. Njoo usimame pale kwanza ndipo useme nani kashindwa.

Fundi umeme
Shikamoo mzee. Hapo umesema kweli tupu. Kwetu tableti zililetwa, zikapachikwa ukutani hatua kama thelathini kutoka kwenye mashine, kwa sababu soketi ilikuwa huko. Watu wakawa wanaandika vipimo kwenye vipande vya maboksi, halafu wanakwenda kuvihamisha mwisho wa zamu. Karatasi haikuondoka, ilikosa jalada tu.

Mleta mada
Mzee, samahani, sikukusudia dharau. Lakini na tusifichane. Hayo madaftari nimeyasoma mimi. Kuna kurasa ambazo joto la saa nane, saa tisa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili ni namba ile ile, wino ule ule, hata mlalo wa mwandiko haujabadilika. Mtu kakaa chini mara moja akajaza usiku mzima. Tableti inaandika saa yenyewe, hilo halitawezekana.

Opereta wa boila
Sasa umeniita mwongo mbele za watu.
Nitakujibu bila kuficha. Ndiyo, nimewahi kujaza baadaye. Fomu inataka vipimo 14 kila nusu saa, na tuko mtu mmoja kwa boila tatu. Anayejaza fomu yote kwa wakati wake hana muda wa kuliangalia boila lenyewe. Maji ya boila nayaangalia kwa macho yangu kila mara, hilo sijawahi kuliacha hata usiku mmoja. Aliyeitunga hiyo fomu alikaa ofisini mchana. Ukiihamisha ilivyo kwenye tableti, umehamisha ubovu wake pia.

Mkaguzi
Naomba niingie hapo kwenye saa kujiandika yenyewe, maana watu wanaiamini kupita kiasi. Saa inaonyesha lini mtu alibonyeza, haionyeshi lini alipima. Kwenye viwanda vya dawa Marekani ilitoa kanuni ya rekodi za elektroniki tangu 1997. Inataka mfumo uonyeshe nani aliandika, lini, na kama kitu kilibadilishwa, kile cha zamani kibaki kinaonekana. Ni utaratibu ule ule wa karatasi: unakata kwa mstari mmoja, namba ya mwanzo isomeke, unaweka saini na tarehe. Lakini nimekuta zamu nzima inaingia kwa jina la mtu mmoja, nywila imebandikwa chini ya kioo kwa selotepu. Rekodi ya namna hiyo ni dhaifu kuliko daftari, kwa sababu daftari angalau lina mwandiko.

Mpita njia
Na mfumo ukivamiwa je? Si kuna ile kampuni ya alumini ya Norwei ilipigwa 2018 ikarudi kwenye karatasi?

Mtu wa mifumo
Ilikuwa Machi 2019, mkuu. Norsk Hydro, wafanyakazi 35,000 hivi. Kompyuta zilifungwa na wavamizi wakadai fidia, kampuni ikakataa kulipa, viwanda vikaendeshwa kwa mkono na oda zilizochapishwa. Na mleta mada asikie hili: hata wastaafu walirudi kusaidia, kwa sababu walijua kazi ilivyokuwa ikifanyika kabla ya mfumo. Wala si lazima uvamiwe. Toyota ilisimamisha viwanda 14 Japani Agosti 2023 kwa sababu nafasi ya diski ilikwisha kwenye seva za oda za vipuri, na seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo ule ule. Mimi ndiyo kazi yangu kuwauzia watu mifumo, na bado nasema fomu tupu zichapishwe, ziwekwe kwenye kabati la zamu.

Mleta mada
Hayo ya kabati nayakubali. Lakini mjue na karatasi huungua, hulowa, na panya hula.

Mpakiaji
Mnazungumzia panya na diski, mimi nauliza kitu kingine. Kwetu tulipohamia, wiki ya pili msimamizi alikuja na chati: fulani kasimama dakika 11, fulani katoka mara tatu. Mmoja wetu alikuwa mjamzito. Tuliambiwa mfumo ni wa ubora. Hakuna aliyetuambia ni wa kutuhesabia safari za chooni.

Fundi umeme
Hili ndilo lililotakiwa kuwa mada.

Opereta wa boila
Binti, pole sana. Sasa mleta mada, nijibu hili moja. Hizo saa zinazojiandika, nani anaziona? Ni nyie wa ubora tu, au na anayekata mishahara?

Mleta mada
Mzee, kwa kweli sikuliuliza kwenye kikao. Alhamisi nitakuja zamu yako na tableti na glavu, tujaribu pale kwenye geji. Na hilo la nani anaona nitawauliza kabla ya hapo.

Opereta wa boila
Njoo, chai itakuwepo. Ila jibu lao nilione limeandikwa, na saini chini.