Mradi wa mtaa unaojilipia: fedha zake zipangwe vipi ili usife?

Katibu wa kikundi, Mtopanga

Assalamu alaykum ndugu na dada zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakaazi 34 wa Mtopanga, Kisauni, hapa Mombasa, kilichoanza kama mchezo wa kupeana fedha kwa zamu na ambacho sasa kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kila mmoja wetu hutoa shilingi 200 kwa wiki, na mwaka ukitimia bila mtu kuchelewa hazina hupata shilingi 353,600. Tumeazimia kuchimba kisima, kuweka pampu na tangi, na kuwauzia majirani maji kwa mtungi, kwa maana mifereji yetu hukauka siku nyingi na wenye mikokoteni hupandisha bei kadiri dhiki inavyozidi.

Hofu yetu inatokana na yaliyotupata. Mfadhili mmoja alitujengea kioski cha maji, kikafunguliwa kwa shangwe, na maji yakauzwa kwa bei iliyotosha umeme na mshahara wa muuzaji tu. Pampu ilipoungua hapakuwa na senti ya kununua nyingine, na mfadhili alikuwa ameshaondoka. Leo watoto hucheza chini ya tangi lisilo na tone. Safari hii fedha ni zetu na jasho ni letu, nami sitaki kuyaona hayo mara ya pili. Wapo wanaotaka faida yote igawanywe kila Ramadhani, na wapo wanaosema hazina ikopeshwe kwa riba ili ikue, jambo ambalo wengi wetu dini haituruhusu. Naomba wenye uzoefu watuongoze.

Mweka hazina, Likoni

Wa alaykum salaam, ndugu katibu. Kikundi chetu cha akina mama kinauza maji, na naona kosa la kioski chenu lilikuwa katika bei. Pampu huchakaa kila inapovuta maji, hata kabla ya kuharibika, na uchakavu huo ni gharama kama umeme ulivyo gharama. Sisi hutoa shilingi moja katika kila mtungi na kuiweka katika akaunti ya peke yake, isiyoguswa bila saini tatu. Mkiuza mitungi 200 kwa siku, shilingi hiyo moja itafika 73,000 kwa mwaka, na pampu ikileta matata fundi mtamwita siku hiyo hiyo bila kuitisha mchango.

Fungeni mita kwenye bomba linalotoka tangini. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Jioni mita ikiwa imesogea uniti nne, fedha za mitungi 200 sharti zionekane, na anayesoma mita asiwe yule anayeuza. Desturi hii imetuepusha na ugomvi mwingi kuliko katiba yetu yote.

Tena msinunue pampu kubwa kwa tamaa. Visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini, na kisima kilichoingia chumvi ni vigumu sana kukirudisha. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na gharama ya kupima maji maabara viingie katika hesabu tangu mwanzo, hasa ikiwa kuna vyoo vya shimo karibu.

Mjukuu wa Mji wa Kale

Kisima kitachimbwa katika ardhi ya nani? Hapa Mombasa wengi wetu tuna nyumba bila ardhi, tunamlipa mwenye kiwanja kodi yake, na kisima hakibebeki kama mabati siku mtakapoambiwa mhame. Pateni mkataba wa miaka mingi, ulioandikwa na wakili, kabla ya jembe la kwanza.

Kuhusu kugawana, wazee wetu walikuwa na wakfu: nyumba au shamba haliuzwi wala halirithiwi, na kinacholiwa ni mapato yake, baada ya kutengwa ya kulitunza. Si lazima kisima chenu kiwe wakfu kisheria, lakini andikeni katika katiba kwamba kisima, pampu na tangi havigawanywi hata kikundi kikivunjika. Wenye shida wapewe mkopo mwema usio na nyongeza, utokao katika faida na wenye kikomo.

Mkaazi wa Kwale

Tazameni pia mradi wa Mikoko Pamoja huku kwetu katika Ghuba ya Gazi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huifyonza, na mapato yameingia katika maji na shule. Ninachokipenda zaidi ni kwamba matumizi hujadiliwa barazani na wanakijiji wenyewe. Hata hivyo mnunuzi wao yuko mbali, na nyuma yao kulikuwa na watafiti wa bahari kwa miaka mingi. Mnunuzi wenu ni jirani mwenye mtungi, nami naona hapo mmewatangulia.

Katibu wa kikundi, Mtopanga

Nawashukuru sana. Suala la kiwanja hatukulifikiria, na Jumapili hii tutakwenda kwa mwenyewe kabla ya kumwita mchimbaji. Dada mweka hazina, wazee na wajane wasiomudu bei mnawasaidiaje?

Mweka hazina, Likoni

Wana daftari lao: mitungi miwili kwa siku kwa kila nyumba, na gharama hulipwa kutoka katika faida, kamwe si kutoka katika ile shilingi ya pampu. Majina yao hayasomwi mkutanoni.