Skrubu yenye uzi wa pili au kichwa cha kuchanganya: ipi itaondoa punje zisizoyeyuka?

Fundi_Bomba: Habari wakuu. Nina ekstruda (mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma itoke kama bomba) ya skrubu moja: kipenyo milimita 60, urefu mara 24 ya kipenyo, kina cha mfereji (nafasi kati ya nyuzi za skrubu) mwishoni milimita 3. Naendesha polietileni laini, nachanganya na plastiki chakavu. Kwa mizunguko 60 kwa dakika bomba linatoka safi. Nikifika 80, ukipitisha kidole ndani unagusa vijipunje vigumu. Ninunue skrubu yenye uzi wa pili, au nifunge kichwa cha kuchanganya (kipande cha mwisho wa skrubu chenye pengo jembamba la kupitishia plastiki) kwenye hii ya zamani?

Silinda24: Usinunue chochote bado. Tia punje chache za rangi, simamisha mashine ghafla, poza silinda hadi plastiki igande, ipashe kidogo tu ili iachie, kisha chomoa skrubu. Bandua plastiki kama utepe, ikate kila mzunguko wa uzi. Mtafiti Maddock alifanya hivyo mwaka 1959 akaona punje zimeshikana upande mmoja wa mfereji, na uji (plastiki iliyoyeyuka) umejikusanya mbele ya uzi unaosukuma. Hesabu za mtafiti Tadmor za mwaka 1966, za jinsi plastiki inavyoyeyuka kwenye skrubu, zimejengwa juu ya picha hiyo.

Mahesabu: Pima pia kilo zinazotoka kwa saa. Kwa vipimo vyako na lami ya uzi (umbali kutoka uzi hadi uzi) sawa na kipenyo, mburuto (plastiki inayokokotwa mbele na mzunguko wa skrubu) peke yake unatoa kama kilo 55 kwa saa ukiwa mizunguko 80. Ukipata chini sana ya hapo, angalia kwanza hopa (pipa la kulishia) na shinikizo la dai (tundu la kutolea bomba). Na asikudanganye mtu uongeze kina: ukikizidisha mara mbili, mburuto unazidi mara mbili, lakini mtiririko wa kurudi nyuma, unaosukumwa na shinikizo la dai, unazidi mara nane.

Mkereza: Uzi wa pili nimeutumia. Unatenga punje na uji, uji peke yake ndio unaoruka pengo lililo juu ya uzi huo. Kwa malighafi safi sijaona kinachoushinda. Kwa chakavu ulinitesa: punje ziliziba pale uzi wa pili unapoanzia, shinikizo likawa linapanda na kushuka.

Fundi_Bomba: Nimepima, kilo 52, karibu na hesabu. Nimechomoa pia. Mzunguko wa 17 punje bado zimeshikana, wa 18 zimevunjika zinaelea ndani ya uji.

Silinda24: Basi ndiyo hiyo. Zikishaelea hazigusi tena ukuta wa silinda, hazisuguliwi, zinapita nzima hadi kwenye dai. Kwa chakavu chako, funga kichwa.

Mkereza: Pengo la kichwa liwe dogo kuliko punje zilizobaki. Ila ukilibana mno plastiki itapanda joto, kwa hiyo pima joto la uji wenyewe, usitegemee la hita.