Peke yangu korongo la Gila mwezi wa 4: nivuke mto vipi?

Nyayo_Phoenix
Wakuu, habarini. Njia ya Continental Divide (njia ndefu ya miguu ya Marekani) naitembea kwa vipande. Kinachofuata ni New Mexico: Silver City hadi Gila Hot Springs, kisha nipandishe na Middle Fork (tawi la kati) ya mto Gila mpaka ziwa la Snow Lake. Ni katikati ya mwezi wa 4, siku 6. Nina buti za ngozi zisizopitisha maji. Ramani inaonyesha njia inakata mto zaidi ya mara 100. Nivuke vipi, na siku 6 zinatosha?

FimboMbili
Mkuu, buti hizo ziache nyumbani. Kisichopitisha maji kuingia hakiyapitishi kutoka pia. Yakishazidi shingo ya buti yanabaki humo kutwa. Vaa raba nyepesi za kitambaa cha matundu, na usizivue kivukoni: mawe ya chini yana utelezi na kidole kikivunjika huko uko mbali na msaada. Malengelenge huletwa hasa na mchanga laini unaojipenyeza kwenye soksi. Zisuuze kila saa moja au mbili. Jioni kausha miguu, paka mafuta mazito, vaa soksi za kulalia ambazo haziguswi na mto.

Mwezi wa 4 theluji ya milima ya Mogollon inayeyuka. Kabla ya kuondoka tazama mtandaoni kipimo cha mto cha USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) cha "Gila River near Gila". Mchoro wa maji ukipanda siku tatu mfululizo, ahirisha. Kuvuka: tafuta mto ulipotanuka na maji kukwaruza mawe, epuka kona, maana ukingo wa nje ndio wenye kina. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi. Elekea maji yanakotoka, fimbo mbele yako, sogea kwa ubavu hatua fupi fupi. Kwanza lakini tazama maji yanakoelekea baada ya kivuko: kama kuna mti ulioangukia majini, hapo hapafai hata maji yakiwa ya magoti, kwani ukiteleza mkondo unakubana kwenye matawi. Yakifika mapajani na yana kasi, piga hema. Mara nyingi asubuhi huwa yamepungua.

Kijiti
Siku 6 ni chache. Jumla inakaribia km 120, na ndani ya korongo mwendo hushuka hadi km 2 au 2.5 kwa saa. Panga 8. Duka la Doc Campbell's pale Gila Hot Springs hupokea vifurushi vya wasafiri, hivyo tuma chakula cha nusu ya pili huko.

Mto ukiwa mkubwa, usianzie mwisho wa chini wa Middle Fork. Anzia TJ Corral (mwanzo mwingine wa njia), upite korongo dogo la Little Bear Canyon: km 6.5 hivi unaingia korongoni karibu na chemchemi ya moto ya Jordan Hot Springs, vivuko vingi umeviruka. Humo usizamishe kichwa. Kwenye chemchemi za moto kuna ameba anayeingilia puani na kuua.

Kifaa cha satelaiti hakioni anga kati ya kuta. Tuma ujumbe korongo linapopanuka, na mtu wa nyumbani ajue kwamba kimya cha nusu siku ni kawaida, cha siku nzima sio. Usafiri wa kutoka Snow Lake upange kabla. Ni barabara ya vumbi na magari ni ya kuhesabu.

Hema liwe juu ya alama ya mafuriko: angalia vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi. Usilale chini ya miti iliyoungua. Na majani matatu matatu yanayong'aa kando ya maji usiyaguse, yanawasha kuliko upupu na mwasho hukaa wiki.

Nyayo_Phoenix
Asanteni sana. Raba nanunua, siku zinakuwa 8. Kichujio cha nyuzi kinatosha kwa maji yenye tope?

FimboMbili
Kinatosha ukiyaacha yatuame kwanza, saa moja kwenye mfuko, uchuje ya juu. Hatari yake ni baridi. Snow Lake iko juu ya mita 2,200, usiku wa mwezi wa 4 hugandisha. Maji yaliyobaki ndani yakiganda nyuzi hupasuka, na huwezi kujua: maji yatapita kama kawaida, vijidudu navyo. Kikung'ute, kitie mfuko wa plastiki, ulale nacho ndani ya begi la kulalia. Beba na vidonge vya klorini dioksidi (vya kusafisha maji) vya siku mbili. Kikiganda usikiamini tena.